Uaminifu kwa Mungu Mahali Pasipo na Mkaguzi: Mwongozo kwa Mkristo wa Sokoni, Shambani na Nyumbani

Siku ya Jumapili, Mkristo wa Kisumu, Kakamega au Nakuru haoni shida kubwa ya kuonekana mwaminifu, kwa kuwa amezungukwa na macho ya wenzake na mchungaji anamfahamu kwa jina. Shida huanza Jumatatu, katika zile sehemu ndogo za siku ambazo mtu mwingine hana namna ya kuzikagua: mteja haoni kitako cha gorogoro, yaani mkebe wa kupimia nafaka, mwanachama hajafungua kitabu cha hesabu tangu mwaka uanze, kibarua hajui kipande alichopewa kupalilia kina urefu gani, na mke hajui mumewe anamwandikia nani usiku. Mwongozo huu unahusu sehemu hizo peke yake. Ninaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo uaminifu wa mtu kwa Mungu unapojulikana, kwa sababu pale anapoweza kukaguliwa na wanadamu, hata yeye mwenyewe hawezi kuwa na hakika kama anamcha Mungu au anamhofia mkaguzi.

Bwana Yesu alisema, "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia" (Luka 16:10), na aliyasema hayo mara tu baada ya kusimulia habari za wakili aliyekuwa akitapanya mali ya tajiri wake. Maneno hayo yalizaliwa katika mazungumzo ya deni, hati na hesabu, na huko ndiko tutakakoyapeleka.

Hatua zinazofuata hazinunui kibali cha Mungu, na asiyelielewa hilo atachoka mapema. Mwandishi wa Maombolezo alipotangaza kwamba rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi na kwamba uaminifu wake ni mkuu (3:22-23), alikuwa akiutazama Yerusalemu uliobomolewa, na watu wake walikuwa wamekwisha kulivunja agano. Uaminifu wa Mungu ulitangulia, na ule wetu Paulo anautaja ndani ya tunda la Roho (Wagalatia 5:22). Kwa hiyo anayeanza leo aombe kwanza apewe, kisha afanye.

Hatua ya kwanza: tenga muda mdogo wa Mungu na uutunze

Maadui wa Danieli walipekua kazi yake yote ya serikali wasipate sababu wala kosa (Danieli 6:4), ndipo wakaamua kumtega kwa sala zake, kwa kuwa walijua hataziacha. Amri ilipotiwa sahihi aliingia nyumbani mwake akapiga magoti mara tatu kila siku, "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo". Sioni namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili, hesabu safi kazini na magoti chumbani. Mtu anayemweleza Mungu habari za siku yake kila siku hupata taabu sana kuificha sehemu yake moja.

Mama anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi magari ya mboga katika soko la Kibuye hana saa nzima ya ibada, wala asijiwekee. Atenge dakika 10 kabla ya kuigusa simu, asome zaburi moja, kisha aombe jambo moja linalohusu kazi ya siku hiyo, kwa mfano mteja msumbufu anayemjia kila Jumanne au deni analodaiwa na muuza jumla. Kwa mwezi wa kwanza ningependekeza Zaburi ya 15, ambayo ina aya 5 tu. Inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na inajibu kwa kutaja ulimi, kiapo, riba na rushwa. Mwendesha boda boda anaweza kuisoma stejini kabla ya abiria wa kwanza. Ukikosa siku moja, rudi siku inayofuata kwa muda uleule, bila kujiadhibu kwa kuuongeza.

Hatua ya pili: andika sehemu zako zisizokaguliwa

Chukua daftari, uipitie siku ya jana tangu ulipoamka hadi ulipolala, na kila mahali palipohusu pesa, mali, neno au mwili wako jiulize: hapa nani angejua? Fundi wa ujenzi atakuta kwamba aliagiza mifuko 12 ya saruji kwa kazi ya mifuko 10. Dereva wa tuk-tuk atakuta tofauti kati ya pesa aliyoshika na ile aliyomwambia mwenye chombo. Mwalimu atakuta kipindi alichotia sahihi bila kukifundisha, na karani atakuta nauli aliyoidai kwa safari aliyokwenda kwa miguu. Usiandike maelezo wala sababu, andika jambo lenyewe tu. Daftari hilo ni lako na Mungu. Kwa wengi litakuwa na mambo matatu au manne yanayojirudia, na hayo ndiyo ya kuanza nayo. Anayetaka kurekebisha kila kitu kwa wiki moja kwa kawaida huishia kutorekebisha chochote.

Hatua ya tatu: sawazisha kipimo chako

Gorogoro hubeba takriban kilo 2 za mahindi makavu, na njia za kuipunguza zinajulikana na kila mtu sokoni. Kitako hugongwa kwa nyundo kikaingia ndani, au mkebe hubanwa ubavuni, au kitu huwekwa chini kabla nafaka haijamiminwa. Wapo pia wanaokwenda kununua mashambani kwa mkebe uliogongwa kinyume, kitako kikiwa kimetokeza nje, kisha wakirudi mjini wanauza kwa ule uliobonyea. Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inawazungumzia hao bila kuzunguka: inakataza kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni, kubwa na dogo, na kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Amosi naye aliwakemea waliongoja sabato ipite ili wauze ngano kwa kipimo kilichopunguzwa (Amosi 8:5). Walikuwa watu wa ibada, waliiheshimu siku yenyewe, na mioyo yao ilikuwa tayari imefika sokoni.

Fanya hivi. Nunua mkebe mpya ambao haujaguswa na nyundo. Tafuta mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na maofisa wa vipimo, kama sheria inavyotaka kwa mizani yoyote ya biashara, upime kilo 2 za mahindi yako makavu, uzimimine ndani ya mkebe na uone zinafika wapi. Hapo ndipo kipimo chako kilipo, kwa kununua na kwa kuuza. Mkebe wa zamani uukanyage uwe bapa siku hiyohiyo, kwa sababu mkebe wa pili ukibaki kibandani utatafutiwa kazi siku mauzo yatakapokuwa mabaya.

Sasa tuje kwenye hofu ya kweli, nayo ni faida. Tuchukue mfano wa gunia la kilo 90 lililokugharimu shilingi 4,300 pamoja na usafiri na ushuru. Kwa kipimo sahihi utapata gorogoro 45. Mwenye mkebe uliobonyea anapata 49 na kuziuza kwa shilingi 105 kila moja, hivyo anaingiza shilingi 5,145. Wewe ukiuza zako 45 kwa shilingi 115 utaingiza shilingi 5,175. Ukikokotoa bei ya kilo, mteja wake analipa kama shilingi 57 na wako analipa 57 na nusu, yaani karibu bei ileile. Faida uliyodhani imo ndani ya nyundo ilikuwa inaweza kupatikana kwa kutaja bei yako hadharani. Ugumu uliobaki ni kwamba mteja akisikia 115 huku na 105 kule atakimbilia kule, na ugumu huo hautibiwi kwa maneno. Weka mizani ndogo mezani, uandike bei ya kilo kwenye kadibodi, na mteja akinung'unika umwambie, "Mama, pima mwenyewe." Wengine watapima. Wengine wataondoka, na sitakuahidi kwamba watarudi, kwa maana sijaona mahali ambapo Maandiko yanaahidi hivyo. Mithali 11:1 inasema tu kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana na vipimo vilivyo sawasawa humpendeza, na mfanyabiashara Mkristo inambidi aamue kama hilo linamtosha.

Kipimo si mkebe peke yake. Kreti ya nyanya iliyopangwa nzuri juu na mbovu chini, omena iliyoanikwa mchangani na kuuzwa pamoja na mchanga wake, na maharagwe ya mwaka jana yaliyochanganywa na ya msimu huu ni vipimo vya uongo vilevile. Maziwa yaliyotiwa maji hugunduliwa kwa laktomita kwenye kituo cha ushirika, lakini jirani anayenunua nusu lita mlangoni pako hana laktomita, na kwake wewe ndiwe unayeaminiwa. Kwa wanunuzi wa viazi kutoka Molo na Mau Narok, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, humpora mkulima mchana kweupe, maana analipwa gunia moja huku akitoa karibu moja na nusu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Mnunuzi Mkristo asingoje kukamatwa ndipo azifuate.

Hatua ya nne: pesa za wengine zihesabiwe na zaidi ya mtu mmoja

Hapa ndipo makanisa yetu yanapoumia zaidi, nami nitakaa hapa kidogo. Kanisa, chama cha akina mama, kamati ya matanga na kundi la vijana huchagua mweka hazina "kwa sababu anamcha Mungu", kisha wanamwachia pesa, kitabu na ufunguo, na mwaka mzima hakuna anayemwuliza. Akija kuulizwa anajibu kwa uchungu, "Kwani hamniamini?" na kikao kinanyamaza kwa aibu. Ninaona desturi hiyo kuwa mbaya kwa mweka hazina mwenyewe kuliko hata kwa pesa, kwa sababu inamwacha peke yake na jaribu, na siku hesabu ikipotea kwa bahati mbaya tu hana shahidi wa kumtetea.

Maandiko yanakwenda njia nyingine kabisa. Ezra alipotoka Babeli kuelekea Yerusalemu aliwapimia wakuu 12 wa makuhani fedha, dhahabu na vyombo kabla ya safari, na walipofika vyote vikapimwa tena, kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa (Ezra 8:24-34). Hao walikuwa makuhani. Paulo alipokusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, akaeleza wazi kwamba alitaka kujiepusha na lawama na kutengeneza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Wapo wanaotaja 2 Wafalme 12:15, panaposema kwamba wasimamizi wa ujenzi wa hekalu hawakuulizwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Wasome na aya ya 10, kwa maana huko pesa za sandukuni zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu kabla hazijamfikia msimamizi yeyote.

Kwa chama, nunueni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zishikwe na watu watatu wasio wa nyumba moja, na sanduku likae kwa mtu wa nne. Lifunguliwe mbele ya wanachama wote, pesa zihesabiwe kwa sauti, jumla itajwe, na kila mtu aikumbuke hadi mkutano ujao, ili hata asiyejua kusoma awe mkaguzi. Sadaka ya Jumapili ihesabiwe palepale kanisani na watu wawili au watatu, na karatasi itiwe sahihi kabla mtu yeyote hajaondoka na bahasha.

Matanga yana ugumu wake, kwa kuwa huku kwetu pesa nyingi huingia kwa siku chache na watu wana huzuni, hivyo hakuna mwenye moyo wa kuuliza. Kamati ichague laini moja ya simu ambayo haitumiki kwa jambo lingine lolote. Kila jioni mweka hazina atume kwenye kundi la WhatsApp orodha ya waliotoa siku hiyo pamoja na jumla, na matumizi yaandikwe na risiti zipigwe picha: jeneza, mahema, usafiri wa mwili, unga na nyama. Ndani ya wiki moja baada ya mazishi kamati ikutane mara ya mwisho, isome hesabu yote mbele ya familia, na kilichobaki kikabidhiwe mjane au watoto hapohapo. Wewe unayeishika laini hiyo, usikope humo hata shilingi 200 ya nauli ukitarajia kuirudisha jioni. Wizi mwingi wa pesa za matanga ulianza na nauli ya namna hiyo.

Hatua ya tano: pesa iliyoingia kwa simu yako kimakosa

Angalia salio lako kwanza, kwa sababu matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa M-Pesa, kisha hupiga simu wakilia. Kama pesa imeingia kweli, usiitume wewe mwenyewe kwa namba unayopigiwa. Mwambie mtumaji apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456, na muamala utarudishwa kwa utaratibu wa Safaricom. Wewe kazi yako ni kutoitoa, kutoitumia na kupokea simu zake. Ikiwa ulikuwa na deni la Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, pesa hiyo hukatwa mara tu inapoingia, na watu wengi husema hapo kwamba "imemezwa na deni" kana kwamba jambo limekwisha. Deni lililolipwa lilikuwa lako, kwa hiyo pesa ya mwenyewe bado unadaiwa, na unapaswa kumwambia siku utakayoilipa.

Hatua ya sita: punguza ahadi na uzitimize

Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Kwenye harambee ya kujenga kanisa mtu hushika kipaza sauti akaahidi shilingi 10,000, makofi yakapigwa, jina likaandikwa, na miaka miwili baadaye jina bado lipo kwenye orodha bila kitu mbele yake, huku mabati yakiwa yamepanda bei. Kabla ya kwenda harambee, amua nyumbani pamoja na mwenzi wako kiasi mnachoweza, mkibebe mkononi, na mkikosa msiahidi. Kama una ahadi za zamani zilizobaki, mwendee mwenyekiti wa kamati, taja kiasi, anza kulipa kidogokidogo hata kama ni shilingi 300 kwa wiki, au useme waziwazi kwamba huwezi na uombe jina lako lifutwe.

Hali ni hiyo hiyo kwa fundi wa nguo anayesema "kesho" akijua kitambaa hakijakatwa, na kwa mtu aliye Ahero anayesema kwa simu kwamba amekwisha kufika Kondele. Kanisa la Friends (Quakers), lililoanza Kaimosi mwaka 1902 na kuenea Vihiga, Kakamega na Bungoma, lina desturi ya tangu karne ya 17 huko Uingereza ya kukataa kula viapo, kwa msingi wa Mathayo 5:37, kwa sababu anayeapa leo anakiri kwamba jana neno lake tupu halikutosha. Wafanyabiashara wao wa zamani walitaja bei moja kwa kila mnunuzi, mtoto au mkubwa. Si lazima uache kupatana bei sokoni, maana huku kupatana ni sehemu ya salamu, lakini acha kusema "haki ya Mungu, nimeinunua kwa mia mbili" ilhali uliinunua kwa 140.

Hatua ya saba: lipa mtu wa mkono

Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Aliyepalilia miwa yako Muhoroni au mpunga wako Ahero alipwe jioni hiyo, na kama pesa hazipo mwambie kabla hajaanza kazi ili achague mwenyewe. Kipande cha kupalilia kipimwe kwa kamba yenye urefu unaojulikana na wote wawili, kwa kuwa kikipimwa kwa miguu, miguu ya mwenye shamba huwa mirefu. Msichana wa kazi nyumbani alipwe tarehe ileile kila mwezi, hata katika mwezi wa karo.

Hatua ya nane: ondoa sababu ya kitu kidogo

Kwa mujibu wa Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5. Mkristo ana sababu ya juu zaidi ya sheria hiyo, lakini ningependa tuzungumze namna ya kufanya, kwa maana mahubiri ya kukemea rushwa tumeyasikia mengi.

Mara nyingi anayeombwa chai barabarani ana pengo lake: bima imekwisha, leseni imebaki nyumbani, abiria wamezidi. Anza hapo. Mwendesha pikipiki aweke akiba ndogo ya kila siku kwa ajili ya bima, aikate kabla ya mafuta, na avae helmeti na koti la kuakisi hata kwa safari ya karibu. Ukisimamishwa na una kosa, sema kwa heshima, "Afande, ni kweli nimekosa, naomba uniandikie nitajibu kortini," kisha utulie. Utapoteza siku, na faini itauma, lakini hutakuwa umemfundisha mtu kuishi kwa kosa lako. Ukiwa huna kosa, sema hivyo mara moja bila kupaza sauti na ungoje. Anayefuatilia cheti cha kuzaliwa au hati ya shamba aende mapema, wiki nyingi kabla ya siku anayoihitaji, kwa sababu haraka yetu ndiyo inayowapa makarani nguvu juu yetu. Ukiombwa hongo ofisini, ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC.

Hatua ya tisa: nyumbani na kwenye simu

Ayubu alifanya agano na macho yake (31:1), yaani aliamua kabla ya kukutana na jaribu. Mume anayefanya kazi mbali na mkewe, kama walivyo wengi wanaoishi Nakuru huku familia ikiwa Siaya au Busia, ampigie mkewe kila jioni saa ileile. Asiwe na laini ambayo mkewe haijui. Akiona mazungumzo na mtu fulani yamefika mahali ambapo angeyafuta kabla mkewe hajaishika simu, ayakatize siku hiyo. Mke naye vivyo hivyo. Na mshahara wa kila mmoja ujulikane na mwenzake, kwa maana nyumba nyingi huvunjikia kwenye pesa zilizofichwa kabla hazijavunjikia mahali pengine.

Hatua ya kumi: rudisha

Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika Kenya kabla ya mwongo huo kwisha, walijulikana kwa jambo ambalo siku hizi tumelilegeza: mtu aliyeokoka alirudisha vitu alivyoiba, mara nyingine kwa mwajiri ambaye hakujua kwamba aliibiwa. Zakayo alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8). Hesabu 5:7 inadai kiasi kamili pamoja na sehemu ya tano juu yake, na nadhani hicho ndicho kiwango kinachofaa kuanza nacho. Ulichukua shilingi 3,000, basi rudisha 3,600.

Nenda mwenyewe. Taja kitu na kiasi katika sentensi moja, omba msamaha, na usieleze jinsi hali ilivyokuwa ngumu wakati huo, kwa sababu maelezo humlazimisha aliyeibiwa akufariji. Kama jambo ni kubwa na linaweza kukufikisha polisi, nenda na mchungaji au mzee wa kanisa, na uwe tayari kwa lolote atakaloamua mwenye mali. Kama huna pesa zote, andikeni ratiba ya malipo na kila mmoja abaki na nakala. Kama ukweli wako utamfichua mtu wa tatu, kwa mfano katika dhambi ya zinaa, usiende popote kabla ya kukaa na mchungaji wako faraghani.

Wateja wa gorogoro iliyobonyea hawawezi kupatikana wote. Wale unaowafahamu waongezee nafaka juu ya kipimo kwa miezi kadhaa, na ukiulizwa sababu, sema. Kwa mwenye mali aliyefariki bila kuacha mtoto wala ndugu, Hesabu 5:8 inaelekeza kwamba kilichorudishwa kiende kwa Bwana kupitia kuhani, na njia hiyo inafaa pia kwa wasiojulikana. Peleka kiasi hicho kanisani kwa ajili ya maskini, ndani ya bahasha isiyo na jina lako, na umwombe mweka hazina akiandike kitabuni kuwa ni mali iliyorudishwa, isije ikahesabiwa kama sadaka yako.